Matairi Manne na Fedha ya Kikoba

Katika nyumba nyingi ninazozifahamu hapa Dar es Salaam, mama huulizwa kuhusu unga, ada na sare za shule. Likija suala la gari, anatajiwa kiasi kinachotakiwa na yameisha. Mwaka huu kwetu haikuwa hivyo, kwa sababu fedha iliyokuwepo ilikuwa yangu. Tulivunja kikoba mwezi wa kwanza, na mgawo wangu nilikuwa nimeupangia friji ya kuuzia mtindi na maji baridi pale dirishani. Wiki hiyo hiyo fundi akatuonyesha kuwa matairi yote manne ya gari letu yanakaribia kuwa kipara.

"Mama Neema, hili halisubiri masika," akasema mume wangu.

Nikamjibu kuwa fedha ipo, ila safari hii nataka kujua inanunua nini.

Gari lenyewe ni Toyota Aqua, haibridi ndogo tuliyoagiza kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Tuliichagua kwa sababu ya mafuta tu. Tunakaa Mbezi, kazi zetu ziko mjini, na kwa mwezi gari linatembea kama kilomita 1,200. Kwa wastani wetu wa kilomita 20 kwa lita, hiyo ni lita 60. Weka lita moja shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, unapata shilingi 180,000 kila mwezi. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna tairi linalopunguza mafuta, nasikiliza.

Washauri hawakukosekana. Shemeji yangu alitaka tuweke matairi mapana na rimu kubwa, "gari lionekane." Baba Neema alikuwa na rafiki Gerezani anayeuza matairi ya mtumba kutoka Japani, bei nusu ya mapya. Mimi nilimbana fundi wetu anieleze kwanza tairi linakulaje mafuta, na alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia.

Tairi linapobeba gari, sehemu inayogusa lami hubonyea, kisha hurudi katika umbo lake. Kwa tairi la ukubwa wa letu, mzunguko huo hutokea zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita. Mpira haurudishi nguvu yote iliyoubonyeza. Nyingine hugeuka joto, ndiyo maana ukiligusa tairi baada ya safari ndefu unalikuta lina moto. Joto hilo limelipiwa kituo cha mafuta. Kuna matairi yaliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa mpira unaopoteza nguvu kidogo zaidi, na hayo ndiyo yanayoitwa ya kupunguza mafuta.

Hapa ndipo haibridi inapotofautiana na gari la kawaida. Ukikanyaga breki kwenye foleni, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Nguvu iliyopotea kwenye tairi haina njia ya kurudi. Ni sawa na nyumba iliyobana matumizi yote, halafu bomba la uani linavuja usiku kucha.

Lakini linavuja kiasi gani? Ripoti ya baraza la taifa la utafiti la Marekani ya mwaka 2006 ilisema kuwa ukipunguza ukinzani huo wa tairi kwa asilimia 10, mafuta unayookoa ni kati ya asilimia 1 na 2. Kati ya tairi la kawaida na tairi zuri tofauti inaweza kufika asilimia 20 au 30, kwa hiyo nikachukua asilimia 4 kama makisio yangu. Kwa lita zetu 60, hiyo ni lita 2.4 kwa mwezi, yaani shilingi 7,200. Kwa miaka mitatu, shilingi 259,200.

Dukani tairi jipya la bei ya chini lilikuwa shilingi 130,000, na lile lenye daraja zuri 200,000. Tofauti ya matairi manne ni shilingi 280,000. Ndugu msomaji, umeona? Mafuta peke yake hayakurudisha hata tofauti ya bei. Wauzaji hawakwambii hesabu hiyo, wanakuonyesha tu picha ya jani la kijani.

Kilichonifanya nisiondoke dukani ni kibandiko. Japani ilianza mwaka 2010 kuyapa matairi madaraja: kwa upande wa mafuta kuanzia AAA hadi C, na kwa upande wa kushika barabara yenye maji kuanzia a hadi d, herufi ndogo. Ulaya ilianza mwaka 2012, na tangu 2021 madaraja yao ni A hadi E kwa yote mawili. Baadhi ya matairi hufika kwetu yakiwa bado na kibandiko hicho. Mengine huna budi kutafuta jina na ukubwa wake kwenye simu. Wengi husoma herufi ya mafuta na kuishia hapo. Mimi nilisoma ile ya maji, kwa sababu tairi linaweza kuwa hodari wa mafuta na likawa dhaifu kwenye mvua. Kwa vipimo vya Ulaya, gari likifunga breki katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye lami yenye maji, kila daraja linaloshuka huongeza takriban mita 3 hadi 6 kabla ya kusimama.

Nilimwambia Baba Neema ajipigie hizo mita pale Kimara, barabara inapoteremka kuelekea Ubungo, asubuhi ya mwezi wa nne, Neema akiwa kiti cha nyuma na bodaboda akikatiza mbele. Hakujibu. Hesabu ya mafuta alikuwa ameicheka, hii hakuicheka.

Hata hivyo Gerezani tulikwenda, kwa heshima ya rafiki yake. Alituonyesha matairi yenye kashata nzuri kabisa. Ubavuni tarakimu nne za mwisho zilisomeka 1816, maana yake lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata usipotembea. Jingine lilikuwa na alama ya theluji. Hayo ni ya majira ya baridi ya Japani, mpira wake laini umetengenezwa kwa ajili ya barafu. Kwa joto la Dar hulainika kupita kiasi, huisha upesi, na kwenye lami yenye maji hayasimamishi gari vizuri. Rafiki mtu mwema, lakini tulimuaga.

Mapana ya shemeji hayakuhitaji mjadala mrefu. Kibandiko cha mlango wa dereva kimeandikwa 175/65R15. Tairi pana na rimu kubwa huongeza uzito na upepo wa kusukuma, na haibridi inanyang'anywa kile tulichoinunulia.

Tukalipa shilingi 800,000. Fundi alituonya mapema kuwa wastani utashuka kwanza, kwa kuwa kashata nene za tairi jipya hubonyea zaidi kuliko za tairi lililolika, hata kama jipya ni bora. Kweli, mwezi wa kwanza dashibodi ilisoma kilomita 19. Baba Neema alinitazama kwa jicho la "friji yako hiyo." Mwezi wa tatu ilifika 20.6.

Upepo tunaujaza kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni, hatukisii tena. Wizara ya nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote hupoteza asilimia 0.2 ya mafuta. Si nyingi, lakini kulizuia hilo hakuna gharama zaidi ya geji. Kazi hiyo amepewa Neema, yuko darasa la saba, kila Jumamosi asubuhi kabla gari halijatoka, maana tairi likishapata moto geji husoma juu. Anaandika kwenye daftari la hesabu. Juzi la nyuma kushoto lilikuwa limepungua psi 4 kwa wiki moja, baba yake akasema geji mbovu, mtoto akapima mara ya pili mbele yake. Fundi akakuta msumari. Kuziba pancha shilingi 5,000, na friji imesogezwa hadi Desemba.