Kuhudumu Katika Sherehe ya Jirani: Barua Kutoka Stafford



Ndugu wasomaji, naomba niwasimulie habari za mji mdogo ninaoishi kwa mwanangu tangu nilipostaafu ualimu, na habari za mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyenifundisha jambo nililodhani ninalijua.

Anayetoka Houston kwa Barabara Kuu ya 90A kuelekea kusini-magharibi huingia Stafford pasipo kujua kwamba ameingia, kwani miji ya huku imeshikana kama shanga katika uzi mmoja. Pembeni mwa barabara ipo reli, na hata leo magari moshi ya mizigo hupita yakipiga honi usiku na mchana. Reli ya kwanza ya Texas ilipoanza kazi mwaka 1853, ilikomea hapa. Mji una watu wapatao 17,000 katika eneo la maili za mraba zipatazo saba, na mwaka 2006 magazeti yaliandika kwamba nyumba za ibada zilizokuwamo zilipata hamsini. Lipo hekalu la Kihindu la marumaru nyeupe lililofunguliwa mwaka 2004, na makanisa hayahesabiki.

Jina la mji ni la William Stafford, mlowezi aliyepewa ardhi hapa mwaka 1824, siku ambazo Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko. Mwezi wa Aprili 1836 jeshi la Jenerali Santa Anna lilipita likalichoma moto shamba lake, na siku chache baadaye likashindwa vitani San Jacinto. Nayataja haya ili tukumbuke kwamba Kihispania kilikuwa lugha ya serikali mahali hapa kabla ya Kiingereza. Wale tunaowaita wageni wenzetu, wengi wao ni wenyeji wa zamani kuliko wanaojiita wenyeji.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Katika shule za sekondari za nchi hii, mwanafunzi husifiwa kwa masomo na pia kwa saa alizojitolea kuwatumikia watu, na vyuo vikuu hupenda kuziona saa hizo. Mjukuu wangu alijiunga na klabu ya lugha ya Kihispania, na mwezi wa Septemba klabu ikaombwa kuhudumu katika tamasha la utamaduni wa Wahispania. Alipoleta karatasi ya idhini nyumbani, mama yake hakutaka kuitia sahihi.

"Baba," mkamwana wangu aliniambia, "leo atabeba sahani, kesho atacheza ngoma, keshokutwa atatuuliza kwa nini sisi hatuna sanamu ukutani."

Nami, niliyefundisha miaka thelathini na mitatu, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu hofu yake ilikuwa hofu yangu pia. Nani kati yetu asiyewajua vijana waliotoka mlangoni kwa jina la shule wakasahau njia ya kurudi?

Lakini usiku ule usingizi haukuja. Nikakumbuka kwetu Tanga, mtaa wa Ngamiani, harusi ya mwanangu huyu huyu, baba yake binti. Aliyesimamia viti na maturubai tangu alfajiri hadi wageni walipotawanyika alikuwa mwalimu mwenzangu, Mkristo. Hakuna aliyemwuliza atasilimu lini, wala yeye hakudhani dini yake imepungua kwa kufunga kamba za turubai. Kwetu jambo hilo liliitwa ujirani. Asubuhi nilimwambia mkamwana: "Mruhusu, nami nitafuatana naye." Akatia sahihi, ila kwa mkono mzito.

Basi tukaenda. Mwezi wa Urithi wa Wahispania huanza tarehe 15 Septemba na kumalizika tarehe 15 Oktoba. Tarehe 15 Septemba ni siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, waliojitenga na Uhispania mwaka 1821. Na tarehe 16 Wameksiko huadhimisha wito wa uhuru uliotolewa na padri Miguel Hidalgo mwaka 1810. Hapa Marekani maadhimisho yalianza kama wiki moja mwaka 1968, yakatiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson, kisha yakawa mwezi mzima mwaka 1988. Johnson huyo alipokuwa kijana alikuwa mwalimu: mwaka 1928 aliwafundisha watoto maskini wa Kimeksiko katika mji wa Cotulla, huku huku Texas. Wanaoudharau ualimu na wayazingatie hayo.

Mjukuu wangu, mtandio wake kichwani, alipangwa kuongoza wageni na kufuta meza. Nilikaa pembeni nikisikiliza, na masikio yangu yakaanza kunichezea. Meza wanaiita *mesa*, bendera ni *bandera*. Hayo mawili yetu tuliachiwa na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania. Lakini sukari ni *azúcar*, zeituni ni *aceituna*, na sisi tukisema "hata lini" wao husema *hasta cuándo*. Hayo yametoka kwenye Kiarabu, kwa kuwa Waislamu walitawala sehemu za Uhispania tangu mwaka 711 hadi 1492. Hata neno lao la kutamani heri, *ojalá*, asili yake ni Kiarabu, na ndani yake limo jina la Mwenyezi Mungu.

Ilipofika saa ya chakula, bibi mmoja wa makamo yangu alituletea *tamales*, unga wa mahindi uliofungwa katika maganda ya mahindi ukapikwa kwa mvuke. Kabla sijafungua kinywa, binti aliuliza kwa adabu kama mna *manteca*, yaani mafuta ya nguruwe. Bibi akakiri kuwa yamo. Binti akamshukuru, akaeleza kwamba sisi hatuyali. Yule bibi hakukasirika. Aliondoka, akarudi na vipande vya embe vilivyokamuliwa ndimu na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Jamani, embe la pilipili! Nilijiona nimesimama nje ya lango la shule kwetu Tanga, senti mkononi.

Msidhani kila kitu kilikuwa chepesi. Mwezi wa Novemba klabu ilitayarisha Siku ya Wafu, ambapo hupangwa madhabahu yenye picha za marehemu, mishumaa, mikate na maua ya rangi ya chungwa. Binti alinijia akaniuliza afanyeje. Nilimwuliza: "Wewe waonaje?" Akasema: "Babu, nitapanga viti na kupokea wageni, lakini madhabahu sitaigusa." Alimwambia hivyo mwalimu wake, na mwalimu akakubali bila swali la pili. Mwenzake mmoja alitaka kujua sisi huwakumbuka vipi wafu wetu. Akajibu kwamba tunawaombea dua na kutoa sadaka kwa niaba yao. Kuhusu hitima najua sisi wenyewe hatujaafikiana, nami sitaki kufungua mlango huo katika ukurasa huu.

Nilichokiona ni kwamba mtoto aliyezuiliwa ndani hajui mpaka wake uko wapi, kwa kuwa hajawahi kuufikia. Huyu aliufikia, akasimama, akasema kwa sauti ya upole, na hakupoteza rafiki.

Hata hivyo, limebaki jambo linaloniwasha. Tulipokuwa tunaagana siku ile ya Septemba, yule bibi wa embe aliniuliza, mjukuu wangu akitafsiri: "Na sikukuu yenu ni lini, ili nasi tuje kuwasaidia?" Nilikosa jibu. Tarehe naijua, lakini Idi zetu tunazifanyia katika kumbi za kukodi, milango imefungwa, tukila pilau wenyewe kwa wenyewe, kisha tunalalamika kwamba majirani hawatujui.

Ndugu zangu, nawaomba mambo mawili. Watoto wakileta karatasi za idhini, msizikatae kabla ya kuuliza ni kazi gani, na mkiweza fuatananeni nao. La pili, Idi ijayo, inshaallah, tutenge meza moja karibu na mlango kwa ajili ya majirani. Mkamwana wangu amekwisha kuahidi sinia la kaimati. Mimi nitasimamia viti.

Wabillahi tawfiq.