Grini Mpya ni Ngumu, na Haina Kosa

Grini mpya ya gofu ikifunguliwa huku North Carolina, Marekani, lalamiko la kwanza huwa lile lile: ni ngumu mno. Mchezaji anapiga mpira wake vizuri kutoka mbali, unaangukia karibu na bendera, unadunda, unavuka grini na kuishia kwenye nyasi ndefu upande wa pili. Akirudi klabuni anauliza kama waliojenga walimwaga zege chini. Hapana zege. Chini yake kuna mchanga, na nyasi zilizo juu hazijapata umri wa kuupunguza ukali.

Ninayaandika haya kwa ajili ya watu wa nyumbani. Kila nikizungumza na jamaa zangu wa Kitale na Bungoma, nchini Kenya, wanaopenda gofu, nakutana na wazo moja: grini zetu za zamani zichimbwe, zijengwe upya kwa mtindo wa Marekani. Wameona kwenye televisheni jinsi mpira unavyotiririka kule. Kazi yangu huku ni kutunza nyasi hizo hizo, nami naona wazo hilo litatugharimu fedha nyingi bila kutupa tunachokitaka.

Kwanza tuangalie kilicho chini ya miguu. Grini ya Kimarekani hufuata mwongozo ambao chama cha gofu cha huko, USGA, kiliuchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na kuurekebisha mara kadhaa tangu hapo. Panachimbwa, panalazwa mabomba ya kutoa maji, juu yake kokoto za kimo cha sentimeta 10, kisha mchanga wa sentimeta 30. Si mchanga wowote. Sehemu kubwa ya chembe zake lazima iwe kati ya robo milimita na milimita moja, na mara nyingi huchanganywa na mboji kidogo tu. Mchanga wa namna hiyo ukishindiliwa hushikamana, lakini maji hupita. Mvua kubwa inanyesha asubuhi, mchana watu wanacheza.

Ugumu wa mwanzo unatoka hapo. Katika grini changa, kati ya jani na mchanga hakuna kitu. Nyasi zinapokua, vitawi vinavyotambaa, mizizi na mashina yaliyokufa hujikusanya na kufanya tabaka la mboji juu ya mchanga, na tabaka hilo ndilo linaloupokea mpira na kuutuliza. Halijengwi na mkandarasi. Huchukua misimu miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, hadi lifike unene wa kutosha. Wajuzi wa kazi hii hawaogopi ugumu wa mwaka wa kwanza. Wanachoogopa ni meneja anayetaka kuuondoa haraka, akaamuru maji mengi na mbolea nyingi ya naitrojeni. Nyasi zitanenepa, tabaka litakuja upesi likiwa limejaa maji, na baada ya hapo ni ukungu, alama za viatu na grini inayobonyea. Lalamiko linageuka: sasa ni laini mno.

Kwa hiyo grini ya mchanga huanza ngumu, kisha hulainika kadiri inavyozeeka, na uwezo wake wa kupitisha maji hupungua kadiri mboji inavyoziba nafasi kati ya chembe. Sakafu ya udongo ya nyumba zetu, ile inayokandikwa kwa samadi, huenda kinyume chake: huanza laini, ikazidi kukaza kwa kukanyagwa na kukandikwa tena. Nadhani ndiyo maana watu wa kwetu hushangaa wakiambiwa kwamba uwanja mpya ni mgumu kwa sababu ni mpya.

Huku Marekani wanaupima ugumu huo. Ipo nyundo iliyobuniwa na Baden Clegg wa Australia katika miaka ya 1970: uzito unaachiwa ndani ya bomba, na kifaa kinasoma jinsi ardhi ilivyousimamisha. USGA nao wana chombo chao, chenye ncha ya duara mfano wa mpira wa gofu, kinachoonyesha ncha hiyo imezama kiasi gani. Stimpmita, ambayo wengi nyumbani wameisikia, haipimi ugumu. Ile hupima mwendo wa mpira ukibingirika, na grini inaweza kuwa na mwendo mkali ilhali ni laini. Namba zinaandikwa wiki kwa wiki, na mtu akilalamika anaonyeshwa daftari.

Sasa twende Kitale, kwenye mwinuko wa karibu meta 1,900, Mlima Elgon upande mmoja na milima ya Cherangani upande wa pili. Viwanja vingi vya zamani vya nyanda zetu za juu vilijengwa kwa kusukuma udongo wa papo hapo, ukawa kilima kidogo, ukasawazishwa na kupandwa nyasi. Udongo wenyewe ni mwekundu na wenye ufinyanzi. Mwezi wa Mei, mvua ikishika, mpira ukianguka unachimba shimo na kukaa humo humo. Januari, jua likishapiga majuma kadhaa, udongo ule ule unakuwa mgumu kuliko grini yoyote mpya niliyoikanyaga huku. Ugumu wa grini ya mchanga hubadilika kwa miaka. Wa grini ya udongo hubadilika kwa miezi. Mjomba wangu aliyekata nyasi Kitale hakuhitaji nyundo ya Clegg kuujua: alikanyaga kwa kisigino asubuhi, akasema leo mashimo yahamishiwe mbele au nyuma. Ujuzi huo nauheshimu kabisa. Kasoro yake ni moja, kwamba alipostaafu aliondoka nao.

Wala tusidhani Wamarekani walizaliwa na mwongozo mkononi. Pinehurst Namba 2, uwanja mashuhuri kuliko wote katika jimbo hili, ulichezwa kwa miaka mingi kwenye grini za mchanga mtupu usio na nyasi. Nyasi zilipandwa katikati ya miaka ya 1930, chini ya mbunifu wake Donald Ross, kabla ya mashindano ya PGA ya 1936. Wazee wa gofu wa bara ya Kenya wanaukumbuka mchezo wa namna hiyo kwa jina la brauni: mchanga uliotiwa oili, na kedi akiusawazisha kwa ubao watu wakishapita. Na hizo nyasi za bermuda zilizoko Pinehurst leo ni za aina ya Champion, zilizowekwa mwaka 2014, na ukoo wake unarudi kwenye nyasi za Afrika, zilizopandishwa na wataalamu wa Tifton, Georgia, wakapata Tifgreen mwaka 1956 na Tifdwarf mwaka 1965. Nyasi za kikuyu za milima yetu nazo ziko California, zimejaa kwenye njia za uwanja wa gofu wa Riviera huko Los Angeles. Mmea walichukua kwetu. Walichoongeza ni uvumilivu na kumbukumbu.

Bungoma mjadala ni wa kandanda zaidi. Tarehe 1 Juni 2024 taifa lilisherehekea Madaraka katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, na tangu hapo vijana wengi wa kwetu wanauliza juu ya nyasi nzuri. Kanuni ya mizizi ni ile ile, ila hapa kilicho hatarini ni goti la mchezaji. Nyundo ya Clegg hutumika kwenye viwanja vya mpira pia. Uwanja uliopandwa juzi ukichezewa kila siku kabla mizizi haijashika, nyasi hung'oka, na udongo unaobaki hushindiliwa ukawa mgumu moja kwa moja, bila umri wa kuulainisha.

Tupige hesabu. Chukua grini ya meta za mraba 500. Kuijenga upya kwa mtindo wa USGA kunataka meta za ujazo 150 za mchanga na 50 za kokoto, kabla ya mabomba. Zidisha kwa grini 18: mchanga pekee ni meta za ujazo 2,700, na klabu imefunga mashimo yake kwa miezi. Halafu wachezaji wataingia kwenye grini ngumu, watalalamika, na atakayelaumiwa ni mtunza nyasi.

Lakini kunyunyiza tabaka la mchanga lenye unene wa milimita moja juu ya grini hiyo hiyo, bila kuichimba, kunahitaji nusu meta ya ujazo, yaani wilbaro nane au tisa. Grini zote 18 ni meta za ujazo tisa. Mchanga wa Mto Nzoia upo, lakini uchekechwe, na matope yake yajulikane kwanza: weka kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku kucha, utaona tope limeketi juu ya mchanga kwa unene gani. Kama tope ni jingi, uoshwe au utafutwe mwingine. Kabla ya kunyunyiza, itoboeni grini kwa jembe la meno, kwa sababu mchanga ukilazwa juu ya ufinyanzi usiotobolewa, maji hukwama kati ya tabaka mbili na mizizi huoza hapo. Mashine za huku zinazong'oa vipande vya udongo zinafanya kazi nzuri zaidi, sikatai. Lakini jembe la meno na watu sita wanaolipwa vizuri wataifanya grini kwa siku moja.

Rudieni hivyo mara kadhaa kwa mwaka, kidogo kidogo. Baada ya miaka mitano sentimeta mbili za juu, mahali ambapo mpira unakutana na ardhi, zitakuwa zimebadilika tabia: Mei hazitabonyea sana, Januari hazitakaza sana. Kwetu nyasi hazilali kwa baridi kama zinavyolala huku kuanzia Novemba. Kinachozisimamisha ni kiangazi cha Desemba hadi Februari, na hicho kinatibika kwa maji.

Ningeanza na grini ya mazoezi peke yake, kwa miaka miwili, huku mtu mmoja akiandika: tarehe, wilbaro ngapi, mvua kiasi gani, kisigino kilizama au la. Daftari hilo liwe mali ya klabu, si la mtu. Na mchanga wa kwanza ufike mwezi Februari, wakati wakulima wa Trans Nzoia wanalima wakingojea mvua ya mahindi.