Mvua Ipi Yajaza Kisima?

Sisi tuliokulia pande za Lubumbashi twadhani ya kuwa kila mvua yajaza kisima. Lakini tulipokaa Dodoma, katikati ya Tanzania, tulifundishwa neno jingine. Mzee mmoja wa Kigogo alituona tukifurahia mvua ya usiku, akasema: “Mwalimu, usitazame mawingu. Tazama mto.”

Kule mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, yapata nusu ya ile ya kwetu, nayo hunyesha tangu Desemba hata Aprili tu. Mji wanywa maji ya Makutapora, bonde lililo kaskazini, ambako visima virefu vimechimbwa katika mwamba wa graniti uliochakaa na kupasukapasuka.

Basi, mvua ya kawaida yaenda wapi? Jua laikausha, majani na miti yainywa; ya kushuka mbali haibaki sana. Maji ya chini yazidi kupungua mwaka kwa mwaka. Kisha yaja masika yenye mvua kali kupita desturi. Mito ya mchanga, iliyokuwa mikavu, yapitisha maji siku nyingi. Mchanga wayapokea, nayo yashuka polepole mpaka mwambani. Masika moja ya namna hiyo yalipa deni la miaka kadhaa.

Twajuaje? Tangu miaka ya 1950 watu wamepima kina cha maji katika visima vya Makutapora. Ni kazi ya kuchosha, wala hakuna awasifuye, sisi twawasifu. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza hesabu ya miaka 55: maji huongezeka mara chache tu, na ongezeko kubwa kupita yote lilikuja na El Niño ya 1997-1998.

Mvua ile ile ilivunja madaraja na kuleta mafuriko Afrika ya Mashariki. Aliyepoteza nyumba hatuwezi kumwambia ilikuwa baraka. Hata hivyo ndiyo iliyowanywesha watu wa Dodoma miaka iliyofuata.

Na watu hao wamezidi. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na tangu 2016 watumishi wa serikali wamehamia kwa wingi. Mto waweza kukaa miaka bila kujaa vema, lakini pampu zavuta kila siku. Ndiyo sababu yule mzee, mvua ikinyesha, hauliza ni nyingi kiasi gani. Huuliza maji yamekaa mtoni siku ngapi.