Wiki Mbili Katika Mikoko ya Pete



Wasomaji watukufu, kila apitaye Qurum hapa Maskati huuona ule msitu mdogo wa kijani ulio baina ya barabara na bahari. Wengi wetu twaupita bila ya kugeuza shingo, na wachache wakumbukao kwamba mtaa umepata jina kwa miti hiyo, kwani qurm kwa Kiarabu ndiyo mikoko. Aina moja tu ya mikoko huota Oman, nayo ni ile ambayo kwetu huitwa mchu. Nilipowaeleza wanangu hayo siku moja ya Ijumaa, mkubwa wao aliniuliza kama Unguja nako iko. Niliona haya kumjibu kwa maneno matupu. Likizo ya skuli ilipofika tukafunga safari, si ya harusi wala ya hitima kama ilivyo ada yetu, bali ya kwenda kujitolea kazi kwa wiki mbili katika kijiji cha Pete.

Pete iko kusini ya Unguja, jirani na Msitu wa Jozani, mwendo wa kilomita 35 hivi kutoka mjini. Msitu huo pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Ardhi yake iko chini na maji yake yako karibu, hata masika yakizidi mitondoo husimama majini. Humo huishi kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu ambaye kwao duniani ni Unguja tu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya kima 5,800. Barabara kuu inapita hapo hapo, na wengi waligongwa na magari mpaka yalipowekwa matuta.

Siku ya kwanza tulipewa mbegu za mkoko, ndefu na za kijani, zenye ncha upande mmoja. Maji yalikuwa yamekupwa. Wanangu walizichoma topeni kwa bidii kubwa, na kwa muda wa saa moja wakamaliza kapu zima. Nami nikajiona nimefanya jambo la maana. Kisha akaja bibi mmoja wa pale kijijini, akaitikia shikamoo zetu, akaanza kuzing'oa moja moja.

"Msinune, wajukuu zangu," alisema. "Mti huu hapa si kwao."

Akatueleza kwamba kila mti wa pwani una mahali pake. Mlilana hukaa mbele, hupigwa na mawimbi; mkoko hufuata katika tope laini; mkandaa na mchu hukaa nyuma, ambako maji hufika kwa bamvua. Ukipanda pasipo pake, mti hufa, na mwaka wa pili hukuti hata kijiti. Akatuonyesha tena sehemu iliyokatwa zamani ambayo haikupandwa na mtu, nayo imejaa miche. "Mbegu ikiletwa na maji, sisi kazi yetu ni kutokata. Tunapanda pale ambapo mbegu haifiki." Tangu hapo tulifanya kama alivyotuamuru, tukapanda kidogo na kwa utaratibu.

Siku ya nne nilimwuliza ni nani akataye. Alinijibu kwamba wapo wakatao kwa kuni, kwa mkaa na kwa tanuri za chokaa, na wapo wakatao kwa boriti. Nikauliza boriti huenda wapi.

"Kwenye nyumba, mwanangu. Na zenu zimo."

Nilidhani anasema habari za kale. Ni kweli kwamba kwa karne nyingi majahazi ya Sur, ya Kuwait na ya bandari nyingine za Ghuba yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti kutoka Rufiji na Lamu, kwa sababu Uarabuni hapakuwa na miti ya kuezekea. Dari nyingi kongwe za huku zimeegemea mikoko ya kwetu. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Lakini bibi hakuwa akisema ya kale. Alijua kwamba ninajenga.

Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipeleka fedha kila mwezi, nikauliza bei ya saruji na ya nondo, wala sikuuliza hata siku moja zege linaegemezwa kwa miti gani. Kesho yake nilikwenda kutazama. Chini ya dari mlikuwa na miti kwa mamia, na mwanangu, aliyekuwa ameshajifunza kutambua magome, akainyoosha kidole baadhi yake: mkandaa, mkandaa, mkoko. Fundi hakukataa. Alisema hakuna aliyempa sharti lolote, naye alinunua alichoona ni rahisi. Sikuwa na la kumlaumu. Kwa mkono mmoja nilikuwa nikipanda Pete, na kwa mkono wa pili nikilipa ili pakatwe.

Jambo jingine nililolipata kwa mkulima mmoja. Nilimkumbusha, kwa nia njema, mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba anachokula mnyama au ndege katika mmea wa Muislamu huandikwa sadaka. Alinisikiliza, kisha akasema: "Naam, ndugu yangu, naitaraji kwa Mola. Lakini wageni humtazama kima shambani kwangu, na ada ya mlangoni hula wengine, je, hiyo nayo ni sadaka?" Malalamiko hayo ni ya zamani, na ndiyo yaliyoleta utaratibu wa wakulima na vijiji kugawiwa sehemu ya mapato ya watalii. Watafiti nao walichapisha mwaka 1999 kwamba nazi changa anazokula kima hazikupunguza mavuno ya minazi. Mkulima amesikia hayo pia. Alisema minazi sawa, lakini mwenye shamba aulizwe kwanza. Nami naona ana haki.

Ndugu zangu, wengi katika sisi tunajenga nyumbani. Nawaomba mambo mawili. La kwanza, mwandikieni fundi sharti kwamba miti ya kuegemezea na ya majukwaa iwe mivinje ya kupandwa, ambayo wakulima wa Unguja huiotesha kwa kuuza. Nami nimeshafanya hivyo. La pili, mnapowapeleka watoto likizo, wapelekeni pia kwa wazee wanaojua miti, maana ilimu ile haimo vitabuni mwao.

Wanangu sasa hawapiti Qurum kimya. Mdogo wao juzi alinishika mkono akaniambia, "Baba, huu mchu uko kwao." Nikamjibu kwamba uko kwao huku, na uko kwao kule.

Wabillahi tawfiq.