Mlango wa Nyuma

Mkaguzi wa moto afikapo madukani kwetu Turbo, wengi wetu humwonyesha kwanza mtungi mwekundu ulioangikwa ukutani. Umepanguswa vumbi, nasi twangojea cheti. Lakini yule aliyefika dukani kwangu hakukawia penye mtungi. Aliniomba nifunge mlango wa mbele, kisha akaniambia nitoke kwa nyuma bila ya kutumia ufunguo.

Nilimjibu kwamba kufuli lile ndilo kinga yangu. Wezi hawaji mara moja kwa mwaka kama yeye, na neno hilo nalisema hata leo. Walakini, aliyoyaeleza sikuweza kuyapinga. Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa la Nakumatt katikati ya Nairobi liliungua, wakafa watu zaidi ya 20. Kanuni za mwaka 2007, zinazotaka mahali pa kazi pakaguliwe usalama wa moto kila miezi 12, zilikuwa zimekwisha andikwa.

Tena Eldoret ni zaidi ya kilomita 30 kutoka kwetu. Kabla gari la zimamoto halijayapita malori yote ya njia ile, moshi wa magodoro na mafuta ya taa huwa umekwisha jaza chumba.

Basi fundi aliling'oa kufuli, akatia komeo nene la chuma lifunguliwalo kwa mkono kutoka ndani. Mwizi aliye nje halifikii. Mpwa wangu anisaidiaye dukani alilijaribu gizani, akatoka. Magunia ya mahindi yaliyokuwa hapo yamehamia mbele ya kaunta, na wateja huyagonga kwa magoti.