Kabla ya Kuiharakisha

Diski yangu ya nje imebeba sauti za wazee wa Pangani. Mna wavuvi wakieleza pepo za kusi na kaskazi, mna kina bibi wakisimulia harusi za zamani, mna maelfu ya picha za hati na makaburi nilizozikusanya kidogo kidogo tangu nilipostaafu ualimu. Kwa muda mrefu ilinitumikia bila kunipa sababu ya kuifikiria. Kisha ikaanza kuchelewa. Folda iliyozoea kufunguka papo hapo ikawa inanisubirisha, na nikinakili rekodi, kazi inaanza vizuri, inasimama, inaendelea, inasimama tena.

Swali lililonijia lilikuwa moja tu: nifanye nini iende kasi? Leo naona swali hilo lilikuwa limeruka jingine lililopaswa kulitangulia, ingawa sina hakika kama ningeweza kuanza vinginevyo. Mwenye kazi mkononi hudai kasi kwanza. Sababu huulizwa baadaye, na mara nyingi huulizwa na mtu mwingine.

Kwangu mtu huyo alikuwa fundi kijana niliyewahi kumfundisha darasani. Aliniamkia, akakaa, wala hakuigusa kompyuta. Akaomba kuuona waya.

"Huu si waya wake, mwalimu," akasema. "Huu ni wa kuchajia simu."

Tundu la diski kama yangu ni pana, lina sehemu mbili zilizoshikana, na waya wa simu za zamani huingia barabara katika mojawapo. Taa inawaka, mafaili yanaonekana, mtu haoni kasoro. Ila diski hiyo, iliyotengenezwa kwa USB 3.0, hapo inalazimika kuzungumza kwa USB 2.0. Viwango hivyo vimepishana miaka minane, cha mwaka 2000 na cha mwaka 2008, na njia imepanuka kutoka megabiti 480 kwa sekunde hadi gigabiti 5. Kwa matumizi ya kawaida njia ya zamani hupitisha megabaiti thelathini na kitu kwa sekunde, wakati sahani zinazozunguka ndani ya diski zingeweza kutoa mia na zaidi. Gigabaiti 500 ambazo zingenakiliwa kwa takriban saa moja na nusu zinachukua saa nne.

Waya wa asili ulipotea tulipohama nyumba, na huu wa simu ukashika nafasi yake kimyakimya. Nimelifikiria sana jambo hilo. Waya ungekataa kabisa, ningetafuta mwingine siku hiyohiyo. Kwa kuwa ulikubali nusu, nikauzoea, na baadaye nikaanza kuamini kuwa unyonge ule ndio tabia ya diski.

Tukaubadilisha waya, kisha tukaendelea kuondoa vizuizi. Tukaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta lenye plastiki ya buluu, badala ya kupitia kigawio cha matundu ya USB nilichokuwa nikitumia, kisicho na umeme wake chenyewe, maana diski inayopata umeme haba huyumba. Programu ya kuua virusi ilikuwa ikilikagua kila faili linalopita. Tukaiagiza iiache folda ya rekodi zangu baada ya kuikagua yote mara moja. Zile picha ndogondogo tukazifunga katika faili moja kubwa kabla ya kuzihamisha, kwa sababu kila faili, hata liwe dogo vipi, linadai kutafutiwa nafasi na kuandikwa katika orodha, na shughuli hiyo ndiyo inayokula muda.

Palikuwa na pendekezo moja nililolikataa, na bado najiuliza kama nilifanya sawa. Tangu toleo la Oktoba 2018, Windows 10 huziweka diski za nje katika hali inayoruhusu kuzichomoa haraka. Unaweza kuibadilisha ili kompyuta ihifadhi maandishi kwanza katika kumbukumbu yake na kuyapeleka kwenye diski baadaye kidogo. Kazi inakwenda mbio zaidi. Lakini kwa muda fulani unaambiwa imekwisha ilhali haijakwisha, na mtu akichomoa waya bila kuiaga diski kwa utaratibu, kilichokuwa njiani kinapotea. Nyumbani kwangu wajukuu huchomoa vitu. Kwa mwingine, anayefanya kazi peke yake na mwenye subira, pengine ushauri ule ni mzuri.

Baada ya hayo yote mafaili makubwa yakapita vizuri. Folda ya rekodi za mwanzo kabisa ikabaki vilevile, ikisimama mahali palepale. Hapo fundi akanyamaza, nami nikaingiwa na hofu.

Alinieleza kinachotendeka ndani. Sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuigusa. Kikikuta kipande kisichosomeka, diski haitangazi hasara mara moja. Inangoja kipande kizunguke tena, inasoma upya, inasogeza kichwa kidogo, inajaribu kusahihisha kwa hesabu, inarudia. Majaribio hayo yakijumlika hufika sekunde kadhaa, kwa ajili ya kipande kisichobeba zaidi ya ukurasa mmoja au miwili ya maandishi. Nami nilikuwa nimeketi mbele yake nikiilaumu kwa uvivu, wakati ilikuwa ikihangaika kuninusurishia sauti ya mtu aliyekwisha kufariki.

Nilitaka kuendesha programu ya kutengeneza diski inayokuja na kompyuta. Akanizuia. Programu hiyo hupita kila kipande na kuandika masahihisho yake, na diski dhaifu inaweza kumalizikia katika kazi hiyo. "Tunakili kwanza, mwalimu. Kutengeneza baadaye." Tukasoma taarifa ambazo diski huweka kuhusu afya yake, zile za SMART, tukakuta idadi ya vipande vilivyoshindikana kusomeka na vinavyosubiri uamuzi. Ushahidi ulikuwepo. Ila nimejifunza kutotulia hata ushahidi huo ukikosekana: mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu za aina hii. Nyingine hupunguza mwendo kabla ya kufa, nyingine huondoka zikiwa na kasi yake yote.

Programu tuliyotumia inaitwa ddrescue. Inachukua kwanza pale panaposomeka kwa wepesi, panaposumbua inaparuka, kisha inarudi kupajaribu kipande kwa kipande, huku ikiandika ramani ya ilikofika ili kazi iweze kusimamishwa na kuendelezwa siku nyingine. Nilipenda mpangilio huo. Mimi ningeanza na rekodi ninayoipenda kuliko zote, ambayo ndiyo ilikuwa katika sehemu mbovu, na huenda ningeiua diski nikiwa bado nimeing'ang'ania hiyo moja.

Karibu kila kitu kikapatikana. Nikanunua diski mpya, na nyingine yenye nakala ikaenda kwa mdogo wangu Morogoro. Ajabu, hata ile mpya ilianza kwa kasi na baada ya kuandika mfululizo ikalegea. Moyo ukanipasuka. Kumbe ni ya aina ambayo mistari yake ya kumbukumbu hulaliana kama makuti ya paa. Ili kubadilisha mstari wa chini, lazima iandike upya na ile inayoulalia. Ukiipumzisha, hujipanga yenyewe na kurudi hali yake. Haiumwi. Ndivyo ilivyoumbwa, na dalili niliyoiona kwake ilifanana kabisa na ya ile iliyokuwa ikifa na ya ile iliyofungwa waya usio wake. Kwa kuitazama tu kompyuta nisingejua tofauti, na sidhani kama nimeshakuwa mwepesi wa kuitambua.

Diski ya zamani ipo kabatini. Fundi anasema isitunziwe tena kitu cha maana. Sijaifuta, kwa sababu katika rekodi ya nahodha mmoja yamebaki mapengo, mahali anapotaja miamba ya mlango wa mto, na ramani ya ddrescue bado ninayo. Naweza kuiamuru ijaribu tena vipande vilivyobaki. Kila jaribio litaichosha zaidi, na huenda lisilete neno hata moja. Nakala ya hayo mengine ninayo salama, kwa hiyo hasara ingekuwa ndogo. Hata hivyo sijaichomeka, na nikiulizwa nangoja nini, nashindwa kujibu.