Chungu cha Jumamosi

Wahenga walisema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi katika shule za hapa Uganda, na kila mara nimewaeleza wanafunzi maana yake ya ndani, yaani umoja na ushirikiano. Maana yake ya nje, ile ya mawe matatu, moto na chungu chenyewe, nilikuwa nikiipita upesi upesi kana kwamba si jambo la kumshughulisha mwalimu. Leo nataka kuirudia maana hiyo ya nje, kwani ni chungu halisi, chenye nyama halisi, kilichonifunza somo ambalo sikulipata chuoni.

Katika siku za kazi nyumba yetu hufanana na kituo cha mabasi. Mimi huondoka alfajiri. Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake hazifuati jua wala mwezi. Watoto wetu watatu hurudi kila mmoja kwa saa yake, na kila mmoja hula alichokikuta. Mama yangu mzazi, ambaye amevuka umri wa miaka 70 na sasa anaishi nasi, hula mapema peke yake. Ni Jumamosi jioni tu ndipo sote sita hukutana. Basi mwaka juzi niliamua mambo mawili: kwamba chakula cha jioni hiyo nitakipika mimi, na kwamba tangu chungu kinapoinjikwa hadi vyombo vinapooshwa, lugha ya nyumba itakuwa Kiswahili. Uamuzi wa kwanza ulimchekesha Mama, kwa kuwa katika malezi ya Kiganda aliyoyapata yeye, jiko si mahali pa mwanamume. Kuhusu uamuzi wa pili hakusema neno, nami nikaudhania ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Mpishi wa mwisho wa juma hana budi kuchagua chakula kitakachomshibisha kila mtu bila ya kumfunga jikoni kutwa nzima. Nilianza na ndizi kwa nyama, ambazo kwetu huitwa katogo. Kwa watu sita kilo moja ya nyama ya ng'ombe yatosha, wala si lazima iwe mnofu mtupu: mbavu au kidari chenye mifupa na mafuta kidogo hutoa supu nzito zaidi, na bei yake ni nafuu. Nyama huchemshwa kwanza peke yake, pamoja na chumvi na tangawizi iliyopondwa, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, hata ilainike. Wakati huo ndizi mbichi 15 hivi humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta, kwa sababu utomvu wake hushika vidoleni kama gundi, kisha hutiwa katika maji zisigeuke nyeusi. Halafu ndizi hupangwa juu ya nyama pamoja na vitunguu na nyanya zilizokatwa, supu ikakaribia kuzifunika, na chungu hufunikwa kwa jani la mgomba na kuachwa juu ya moto mdogo kwa dakika 40. Siri yake ni moja tu: usikoroge. Anayekoroga hupata uji.

Sina budi kukiri kwamba mwalimu ndani yangu alifurahi kuliko mpishi. Watoto waliozoea neno moja tu, kupika, walijikuta katikati ya maneno mengi yenye kazi zake mbalimbali: kuinjika chungu na kukiepua, kuchemsha na kukaanga, kubanika na kuchoma, kuchochea moto na kuupunguza, kupakua na kuandaa. Walijua tofauti ya kidari na paja, ya maini na figo, ya mafuta na mchuzi. Hakuna aliyeandika hata neno moja katika daftari, na hakuna aliyesahau. Nilijipongeza moyoni kwamba nimeipata njia.

Jumamosi ya tatu nikapika pilau, ambayo nilijifunza nilipokuwa masomoni Dar es Salaam. Watu wengi wa bara huiogopa bure. Nyama huchemshwa kwanza na supu yake huhifadhiwa. Vitunguu vingi, vilivyokatwa vyembamba, hukaangwa kwa subira mpaka viwe rangi ya kahawia, kwani ni vitunguu hivyo vinavyoipa pilau rangi yake, wala si rangi ya kununua dukani. Kisha hutiwa kitunguu saumu, tangawizi na viungo: bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu chache na pilipili manga. Nyama huingia na kukaangwa kidogo, halafu mchele uliooshwa, na kwa kila kikombe cha mchele vikombe viwili vya supu na maji ya moto. Maji yakisha kukauka, chungu hufunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, nao moto wa chini ukapunguzwa. Harufu yake jioni ile ilifika barabarani.

Mama ndiye aliyekuwa akipakua, kwa heshima ya umri wake. Kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka tisa, alikuwa na hamu ya kunionyesha alichojifunza shuleni. Alinyoosha sahani yake, akatazama juu kwa fahari, akasema kwa sauti kubwa: "Jjajja, lete nyama!"

Mkono wa Mama ulisimama hewani. Aliuweka upawa taratibu ukingoni mwa sinia, akainuka, akaenda chumbani mwake na kufunga mlango. Pilau ile tuliila kimya. Mtoto alinitazama akitaka kujua alikosea nini, nami sikuwa na jibu, kwa maana sentensi yake ilikuwa sahihi. Darasani ningeiwekea alama ya vema.

Usiku huo Mama aliniita. Kwetu ni kaskazini ya Kampala, katika sehemu zilizokumbwa na vita vya mwaka 1981 hadi 1986. Nakumbuka kwamba mwaka 1982, nilipokuwa mtoto wa umri kama wa kitinda mimba wangu, tulikuwa na mbuzi jike mwenye mimba, na kwamba asubuhi moja hakuwapo. Niliambiwa ameuzwa, nami nikaamini. Mama alinieleza sasa, baada ya miaka zaidi ya 40, kwamba usiku ule watu wenye bunduki waliingia uani. Mimi na ndugu zangu alikuwa ametulaza migombani. Maneno waliyomwambia yalikuwa mawili tu: lete nyama. Alimchinja mbuzi yule kwa mkono wake, akampika hadi karibu na mapambazuko, akawapakulia, akasimama kando huku wakila. Walipomaliza waliondoka na sufuria. Mbuzi yule alikuwa ndiye karo yangu ya mwaka uliofuata.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba kama angalinieleza mapema nisingalileta Kiswahili mezani pake. Mama akatikisa kichwa. Alisema jambo ambalo bado nalitafakari. Alisema kwamba usiku ule hakuhitaji mkalimani. Nyama kwa Kiganda ni *ennyama*, na kuleta ni *okuleeta*. Maneno yalikuwa karibu sawa na maneno yake mwenyewe. "Lakini," akasema, "sisi hatumwambii mtu hivyo. Sisi husema *mpaako*. Wale hawakuwa na 'ko'."

Msomaji asiyejua Kiganda na afahamu kwamba kiambishi hicho kidogo cha mwisho hupunguza ukali wa ombi. Ni kama kusema nipe walau kidogo, kwa hisani yako. Ni silabi moja tu. Hata hivyo, kwa Mama silabi hiyo moja ndiyo iliyotenga mgeni na mnyang'anyi.

Sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda tumezoea kuueleza ugumu wa kazi yetu kwa historia, na historia hiyo ni ya kweli. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles katika enzi ya Waingereza, na kikabaki kuwa lugha ya jeshi baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa chini ya utawala wa Idi Amin, wakati ambapo raia wengi walikisikia zaidi penye vizuizi vya barabarani kuliko shuleni. Baadaye katiba, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukitia nguvu na kukieneza mashuleni. Haya yote tunayajua na tunayafundisha. Lakini hakuna tangazo wala azimio linaloweza kuingia katika chumba cha mama mzee na kumfungulia mlango aliofunga. Kazi hiyo imeachiwa sisi, nasi mara nyingi tunaifanya vibaya.

Natazama mwanzo wa masomo yetu wenyewe. Tunaanza na kitenzi cha kuamuru kwa sababu ni kifupi na chepesi, hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Simama. Kaa. Funga mlango. Fungua kitabu. Lete chaki. Mtoto anayejifunza hivyo kwa mwaka mzima huwa amejifunza kuamuru na kuamriwa. Namna ya kuomba, niletee tafadhali, naomba unipe, nisaidie, tunaiahirisha mpaka sarufi iruhusu. Kwa watoto wa pwani hapana hasara, kwa kuwa adabu ya lugha wameinyonya nyumbani pamoja na maziwa. Kwa watoto wetu, ambao Kiswahili chao chote hutoka kwa mwalimu, tunachokiahirisha huenda wasikipate kamwe, nao huwa wamebeba nusu ya lugha, tena ile nusu yenye bunduki.

Jumamosi iliyofuata nilibadili utaratibu. Kabla ya chungu kuepuliwa niliwafunza watoto maneno ya kukaribisha, ya kuomba, ya kukataa kwa upole na ya kushukuru. Kiganda kina desturi njema ya kumshukuru mpishi kwa kupika, *webale kufumba*; nasi tukaifuata kwa Kiswahili, "ahsante kwa kupika," hata ikawa kanuni ya nyumba. Kitinda mimba alijifunza kusema, "Naomba nyama, Jjajja." Ama yale maneno mawili ya zamani, katika nyumba yetu yamekuwa mwiko. Sikuwaeleza watoto habari yote. Niliwaambia tu kwamba kuna maneno yaliyo sahihi katika sarufi na yasiyo sahihi mezani, na kwamba heri mtu ajikwae kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mama hakurudi mezani upesi. Jumamosi mbili alikula chumbani. Jumamosi ya tatu alitoka yeye mwenyewe jikoni na kuniambia kwamba kama nimeshikilia kuwa mpishi, basi nisiishie katika vyakula vya wageni, nijifunze kupika luwombo. Nikamkumbusha kwa mzaha kwamba masimulizi ya Buganda huuhusisha mwanzo wa chakula hicho na jiko la Kabaka Mwanga katika mwaka 1887, na kwamba mpishi anayesifiwa alikuwa mwanamume. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu usiku ule.

Luwombo huonekana kuwa kazi kubwa, lakini kazi yake ni ya mwanzo tu. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka linyauke na kulainika, na uti wake wa katikati huchongwa ili lisipasuke. Vipande vya nyama hubanikwa kwanza juu ya makaa vipate harufu ya moshi. Kisha huwekwa katika jani pamoja na mchuzi mzito wa karanga zilizosagwa, kitunguu, nyanya na chumvi. Jani hukunjwa na kufungwa juu kwa kamba ya mgomba, furushi moja kwa kila mlaji, na mafurushi hayo huivishwa kwa mvuke juu ya ndizi, katika chungu kilichofunikwa kwa majani mengine, kwa muda wa saa mbili au tatu. Baada ya kufunga kamba ya mwisho mpishi yuko huru. Anaweza kusahihisha madaftari, au kuketi na mama yake.

Mama hazungumzi Kiswahili hata leo, wala simlazimishi. Lakini ndiye anayegawa mafurushi, na anapomwekea kila mtoto lake mbele yake husema neno moja, "Karibu." Mtoto hujibu, "Ahsante kwa kupika, Jjajja," ingawa aliyepika ni mimi. Simsahihishi.

Walimu wenzangu, sina mengi ya kuongeza. Injikeni chungu mwisho wa juma. Nunueni nyama yenye mfupa, msikoroge ndizi, msiharakishe vitunguu vya pilau. Na mnapowafundisha watoto wetu lugha hii, watangulizieni "karibu" na "naomba" kabla ya "lete", kwa kuwa hatujui ni nani aliye chumba cha pili anasikiliza.